Watoto Tisa wa Mzee Efraimu

Mzee Efraimu wa Machame alizaa watoto watano. Wote walibatizwa, wote walipata kipaimara, na wote walikaa kwenye benchi moja la kanisa ambako usharika mzima uliwaona kila Jumapili. Hapakuwa na mke wa pili wala mtoto wa pembeni. Lakini miaka miwili baada ya kuzikwa, wasahihishaji wa mtihani wa kuingia Chuo Kikuu walimkuta na watoto tisa. Wanane kati yao hawakuwa wamewahi hata kunywa maji nyumbani kwake. Wa tisa alikuwa binti yake Aikande, na yeye ndiye aliyewapa wenzake baba huyo.

Aikande alikuwa mtoto wa nne. Waliomtangulia walikuwa wavulana watatu, na hao walisomeshwa na kahawa kama watoto wengi wa mlimani. Mzee aliuza kahawa kwenye chama cha ushirika, akalipa ada, akafunga mkanda, akalipa tena. Mmoja akawa mhandisi, mmoja mhasibu, wa tatu akaenda ng'ambo kusoma na hakurudi. Aikande alipomaliza kidato cha nne, matokeo yake yakiwa mazuri kuliko ya kaka yeyote, malipo ya kahawa yalikuwa yanachelewa. Mzee akamwambia, "Ngoja msimu ujao, mwanangu."

Msimu ujao ulikuja na zamu ya mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, mrithi wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Aikande akapelekwa chuo cha ufundi cha kanisa kujifunza ushonaji. "Cherehani haimtupi mtu," mzee alisema, na kweli haikumtupa. Alikuwa fundi hodari hata chuo kilichomfundisha kikamwajiri, na kwa miaka mingi akawafundisha wasichana kukata sketi, kupiga pindo na kuunga kola. Hakuolewa. Aliishi na mama yake, Veronika, katika nyumba ambayo kwa desturi ilikuwa mali ya mdogo wake aliyekuwa Arusha. Aliipenda kazi yake, lakini hakuwahi kuichagua, na kila alipoomba kufundisha jambo jingine zaidi ya cherehani aliambiwa hana shahada.

Mwaka 1996 lilibandikwa tangazo kwenye ubao wa usharika. Watu wazima waliokwisha kufanya kazi, hata wenye vyeti vya ufundi tu, waliruhusiwa kufanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu bila kupitia kidato cha sita. Aikande alikuwa na miaka thelathini na mitano. Alilisoma tangazo, akaondoka, akafika getini, akarudi kulisoma tena kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni na hajui ni nani aliyeita.

Waliojiandikisha, watu tisa kwa jumla, walikutana kila Jumamosi katika ukumbi wa usharika mjini Moshi, si mbali na hospitali ya Mawenzi. Alikuwapo Wilson, fundi umeme, mdogo kuliko wote na mwenye mzaha usiokwisha. Alikuwapo Magdalena, muuguzi msaidizi, ambaye mara nyingi alikuja na sare ya kazi na kusinzia akiwa ameshika kalamu. Wengine walikuwa mafundi na makarani, watu waliozoea kazi za mikono na mihuri, ambao Kiingereza chao kilikuwa kimelala tangu walipoacha shule. Walichanga na kumwajiri mwalimu Valerian wa sekondari moja ya mjini.

Mwalimu Valerian alifundisha vizuri kwa miezi michache. Kisha wazazi wa watoto wa kidato cha sita wakampa donge nono zaidi, naye akaaga kwa heshima. Enzi zilikuwa hizo. Kila kitu kiliuzwa kwa aliyetoa zaidi, kuanzia kahawa mpaka masomo. Lakini kabla ya kuondoka aliwaachia neno moja. "Msahihishaji amechoka na maneno ya vitabuni," alisema. "Mpe kitu ulichokiona kwa macho yako, halafu mwambie kinamaanisha nini."

Neno hilo lilimwingia Aikande kama sindano. Miongoni mwa maswali ya mitihani iliyopita palikuwa na moja lililouliza kama kulegezwa kwa masharti ya biashara kumemsaidia mkulima mdogo. Aikande alianza kulijibu mwezi wa Julai, baridi ya mlima ikiwa imeshika, kamusi mezani na blanketi mabegani. Aliandika juu ya asubuhi ile ya masika baba yake alipoikata kahawa.

Aliandika kwamba wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao, msimu wa kwanza wakalipa vizuri, wa pili wakalipa walivyotaka. Dawa ya mibuni ikapanda bei mpaka mzee akaacha kuinunua. Kukata mibuni lilikuwa jambo la kushtakiwa, kwa hiyo mzee alianzia katikati ya kihamba, migomba ilikomficha. Alikata mibuni aliyoipanda na baba yake akiwa mtoto. Kila kisiki alikifunika kwa majani makavu ya mgomba, taratibu, kama afunikaye maiti, kisha akapanda nyanya. Mwaka haukuisha, naye akafunikwa. Baada ya hapo Aikande aliuliza, kwa Kiingereza alichokipigania neno kwa neno, biashara ikiwa huru, ni nani hasa amewekwa huru.

Aliisoma insha hiyo mbele ya wenzake Jumamosi moja ya Septemba. Alipomaliza, Magdalena alikuwa macho, machozi yakimtoka.

"Dada Aikande," Wilson alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha, "sasa mwalimu ni wewe."

Hivyo ndivyo alivyokuwa mwalimu wao. Hakuomba, lakini hatusemi uongo tukisema alifurahi. Aliwafundisha kwa njia aliyoijua. Aliwaambia insha ni kama gauni, mtu huanza na kielelezo cha karatasi, anakilaza juu ya kitambaa, kisha anakata kwa vipimo vya mvaaji. Insha yake ndiyo ingekuwa kielelezo, na kila mtu angeleta kitambaa na vipimo vyake. Wakainakili wote. Akawapa wiki tatu.

Wiki tatu zilipopita, Wilson alisimama, akaweka mikono nyuma, akafumba macho na kuitoa insha yote kwa Kiingereza, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, bila kukosea. Marehemu baba yake Efraimu alikuwemo, na visiki na majani ya mgomba pia. Alisimama vile vile kama walivyosimama wote wakiwa vijana, siku ya kipaimara, mbele ya mchungaji na usharika, ambapo aliyekosa neno moja alirudishwa mwaka mzima.

Aikande alicheka mpaka akashika meza. "Wilson! Baba yako si Efraimu."

"Najua, mwalimu."

"Sasa?"

"Sasa nimwingize wa kwangu? Baba yangu mimi hana hadithi. Anakunywa pombe ya mbege na kuidai serikali."

"Basi andika hiyo."

"Kwa Kiingereza?" Wilson alifungua macho. "Mwalimu, Kiingereza chako kimekaa kama tofali za nyumba. Nikigusa moja, ukuta wote unaniangukia. Acha niishi humo humo."

Watu wakacheka. Magdalena akasema taratibu kutoka nyuma, "Mimi wa kwangu simjui kabisa. Huyu wako amenitosha."

"Mwekeni kila mtu baba yake," Aikande alisema. "Au mama, au jirani. Mnasikia? Mtihani si kipaimara."

"Sawa, mwalimu," wakajibu kwa pamoja.

Jibu hilo lilipaswa kumtisha. Alikuwa ameishi na wanafunzi miaka mingi, akajua kwamba "sawa, mwalimu" ya pamoja haina maana yoyote. Lakini Jumamosi zilizofuata walikuja mmoja mmoja kumtolea insha ile, na kila mara alilisikia jina la baba yake likitamkwa kwa heshima katika mdomo mgeni. Nyumbani jina hilo lilikuwa limeanza kuchakaa. Kaka zake walikuja Desemba, wakachinja mbuzi, wakaligusa kidogo kwenye sala na kuondoka. Hapa palikuwa na watu waliolibeba kila wiki. Aliwasahihisha matamshi. Hakuwauliza tena walikopeleka baba zao.

Mtihani ulifanyika Januari. Karatasi ilipofunuliwa, Aikande aliona swali ambalo, kwa maneno tofauti kidogo, lilikuwa lile lile. Aliandika insha yake upya, bora kuliko ya Julai, kwa sababu sasa Kiingereza kilikuwa kimemzoea. Safu mbili kando yake Wilson alikuwa ameinama, akiandika bila kuinua kichwa, midomo ikichezacheza. Aikande aliiona midomo hiyo, na kwa kitambo kidogo mkono wake ulisimama. Kisha akaendelea kuandika.

Matokeo ya nchi nzima yalitoka Aprili. Ya kundi la Moshi yalizuiwa. Sababu ilisemwa wazi kwa karani wa elimu, naye akawatangazia ukumbini akiwa amesimama mlangoni, asikubali kukaa: insha tisa zilikuwa moja. Mtahini angekuja kumhoji kila mtu.

Aikande aliwageukia wenzake. "Nani aliandika Efraimu?"

Aliufunga mlango, karani akiwa nje.

"Nauliza, nani alimwandika baba yangu?"

"Mwalimu, hofu," Wilson alisema. "Niliona swali, nikasikia kichwani tu hiyo. Hakukuwa na kingine."

"Nilikwambia nini?"

"Ulituambia. Lakini…"

"Lakini nini? Magdalena, na wewe? Na wewe, baba mzima?" Aliwanyooshea kidole mmoja baada ya mwingine. "Sikilizeni. Huyo mtahini akija, nitamwambia ya kwangu ni ya kwangu na nyie mmeniibia. Nitamwonyesha hata kaburi."

Akatoka. Kwa wiki nzima alipokutana na mmoja wao barabarani alipita kama anayepita nguzo ya simu.

Jumapili, baada ya ibada, walikuja wanne kwa niaba ya wote. Mama Veronika alikuwa uani akimenya ndizi za mtori. Aliwaona wakipanda njia ya kihamba kwa mstari, Wilson mbele, Magdalena nyuma yake na kibuyu cha mbege, na mama akasimama kabla Aikande hajaelewa. Wilson alikuwa ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Isale si jani la mchezo kwa Wachaga. Mtu aliyekukosea akikuletea, hata kama amemwaga damu, unalipokea. Ukishalipokea, jambo limezikwa, humshtaki tena mahali popote. Ukilikataa, laana ya jambo lile inahama kutoka kwake na kuja kwako. Walutheri walihubiriwa mengi na kuacha mengi, lakini hili hawakuliacha.

"Shikamoo mama," Wilson alisema.

"Marahaba. Semeni lililowaleta."

Wilson alipiga goti mbele ya Aikande, mwenye umri wa dada yake mkubwa. "Mwalimu, tumekukosea. Tumemchukua baba yako bila ruhusa. Tunakuomba usituseme kwa mtahini. Tukisemwa kuwa wezi, hatutakanyaga chumba cha mtihani maisha yetu yote. Mimi bado kijana, sawa, lakini Magdalena ana watoto watatu na anaosha vitanda vya wagonjwa."

"Na mimi?" Aikande alisema. "Nisipowasema, mimi naenda wapi?"

Kuku mmoja alikuwa akidonoa maganda ya ndizi.

"Ondokeni," Aikande alisema.

"Pokea," mama yake alisema.

"Mama, hujui hili ni jambo gani."

"Najua isale ni jambo gani. Halikai mkononi mwa mtu nyumbani kwangu. Pokea."

Alimtazama mama yake. Aliyaona tena yale macho yaliyomwambia zamani amwachie kaka mchuzi, amwachie mdogo daftari, angoje msimu ujao. Alinyoosha mkono, akalipokea. Wilson alipumua kwa sauti. Magdalena akamimina mbege, wote wakaonja, na jambo likazikwa.

Mtahini alikuwa mwanamke, Dakta Victoria, mgeni wa mkoa, mdogo kuliko Aikande kwa miaka michache. Alipewa chumba katika ofisi moja ya serikali mjini. Aikande aliitwa wa mwisho. Mezani palikuwa na karatasi tisa zimepangwa kama za mtu anayecheza karata.

"Karibu, dada. Keti." Dakta Victoria alivua miwani. "Nikuambie ukweli. Nilipoisoma insha hii mara ya kwanza, nililia. Mara ya pili nikadhani nimechoka, nairudia karatasi ile ile. Ya tisa nilicheka peke yangu ofisini. Huyu mzee Efraimu alikuwa na watoto wangapi?"

Aikande aliketi ukingoni mwa kiti.

"Kwangu anao tisa. Nimewauliza wenzako wanane leo. Nikawauliza mzee alipomaliza kukata, alifanya nini. Wote wamenijibu alifunika visiki kwa majani. Hiyo imeandikwa. Nikawauliza, baada ya hapo? Wakaniangalia. Mmoja, fundi umeme, akasema alikwenda kunywa mbege." Alitabasamu kidogo. "Sasa nakuuliza wewe."

Aikande alijua. Baada ya kufunika kisiki cha mwisho baba yake alikaa chini kwenye matope, akamwita, akamwomba maji, akanawa mikono hadi kwenye viwiko kama watu wanavyonawa wakitoka kuzika. Kisha akasema, "Usiwaambie kaka zako mpaka Desemba." Hilo Aikande hakuliandika popote. Lilikuwa lake.

"Ngoja kabla hujajibu," Dakta Victoria alisema, akisogeza kiti. "Nikueleze ilivyo, kwa sababu naona wewe ni mtu mzima mwenye akili. Kama mzee huyu ni mtu wa kweli, baba wa mmoja wenu, basi huyo mmoja ameandika maisha yake na wanane wameiba. Huyo nampitisha leo hii. Insha yake ndiyo bora niliyosoma mwaka huu, na karatasi zake nyingine ni safi. Wanane nawafungia moja kwa moja. Lakini kama mzee huyu hayupo, kama ni mfano uliotungwa darasani, basi huu si wizi, ni ufundishaji mbaya. Wanafunzi watarudia mwakani. Atakayefungiwa ni aliyewafundisha kukariri. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi. Mzee Efraimu ni baba wa nani?"

Nje palikuwa na kelele za kituo cha mabasi. Aikande aliiangalia karatasi ya kwanza mezani, akautambua mwandiko wake. Akaliona kundi lile likipanda njia ya kihamba, Wilson mbele.

"Hakuna mzee kama huyo," alisema.

Dakta Victoria hakuandika kitu. "Rudia, dada."

"Nilimtunga. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao. Nikatunga mfano, nikawaambia waukariri wote."

"Na wewe mwenyewe ukauandika?"

"Na mimi nikauandika. Nilikuwa nimeuzoea."

"Fomu yako inasema unaitwa Aikande Efraimu."

"Efraimu ni wengi Machame."

Yule mwanamke alivaa tena miwani. Ilionekana hakuamini hata neno moja, na ilionekana pia kwamba hakuwa na namna ya kumsaidia mtu anayejikata mwenyewe. "Mtu unapewa mlango," alisema mwishowe, kwa hasira kidogo, "unaufunga kwa nini?"

Aikande angeweza kumweleza juu ya isale. Lakini mgeni angeona ni ushirikina wa vijijini, au pengine angeliandika kama jambo la kupendeza, na yote mawili yalimchosha. "Ndivyo ilivyo," alisema, akatia sahihi pale alipoonyeshwa.

Wilson na wenzake walipata habari kwamba watarudia, wakashangilia mpaka mlinzi wa ukumbi akaja kuuliza kama kuna harusi. Jumapili iliyofuata Wilson alimwona mama Veronika nje ya kanisa, akamshika mikono miwili kwa shukrani. Naye Wilson, moyo wake ukiwa mwema na mdomo wake hauna breki, akamwambia yote aliyoyasikia kwa karani.

"Mama, una binti. Alituokoa sote. Aliulizwa juu ya mzee, akasema wazi, hakuna mzee kama huyo, nimemtunga. Mpaka mtahini akakosa la kusema."

Mama Veronika alitoa mikono yake. Alipanda mlima kwa miguu bila kumngoja mtu. Aikande alimkuta jikoni, hajavua kitambaa cha kanisani.

"Ulisema baba yako hakuwepo?"

"Mama, ilibidi."

"Ulisema, hukusema?"

"Nilisema. Wewe ndiye uliyeniambia nipokee isale. Ukishalipokea, unawashtakije? Hakukuwa na njia nyingine."

"Nilikuambia upokee isale," mama alisema. "Sikukuambia umzike baba yako mara ya pili."

"Kwa hiyo ningefanya nini? Niambie. Nikiwasema, nimevunja isale. Nikinyamaza, nimekosa chuo. Nikisema ule uongo, nimemkana baba. Ningechagua lipi ili wewe unipikie chai?"

Mama hakujibu siku hiyo, wala wiki ile. Waliishi pamoja, wakala kutoka chungu kimoja, wakapokezana ndoo ya maziwa, lakini mazungumzo yalibaki ya ng'ombe na mvua. Siku za soko la Kwa Sadala mama alikwenda peke yake na ndizi zake, ingawa mzigo ulikuwa wa watu wawili. Kaka mhandisi alipopiga simu ofisi ya usharika na kuelezwa, alisema tu kwamba laiti Aikande angemwambia mapema, yeye angejua mtu wa kuongea naye.

Katika chuo cha ufundi habari zilifika zikiwa zimepinda. Wengine walisema aliuza majibu, wengine kwamba alinunua mtihani. Alikanusha mwanzoni. Baadaye akaona kwamba hata aliyeamini ukweli alimwuliza mwishoni, "Lakini si ulisema mwenyewe?" Akaacha.

Septemba ilipofika, Wilson alikuja tena. Alikuwa na shati jipya na mkate wa dukani. Mama Veronika alikuwa kwenye benchi la nje akichambua maharage, na Aikande alikuwa kando yake akitia vifungo kwenye sare za shule.

"Shikamoo mama. Shikamoo mwalimu."

"Tangu lini unaniamkia?" Aikande alisema.

"Tangu uniokoe." Alikaa kwenye kigoda. Aliuliza habari za ng'ombe, akaisifu migomba, akazungukazunguka kama fundi asiyejua waya umekatikia wapi. Hatimaye akasema, "Mwalimu, tumekaa na wenzangu. Januari si mbali. Tunajua wewe hutaruhusiwa kufanya, na inatuuma, Mungu anajua. Lakini ukituandikia nyingine… Moja tu. Safari hii tutabadilisha majina, naapa. Kila mtu jina lake."

Aikande aliweka sindano chini. "Niwaandikie nini?"

"Chochote cha kweli. Vile unavyoandika wewe." Alimtupia mama jicho, akashusha sauti, ingawa walikuwa wamekaa hatua mbili kutoka kwake. "Hata ya mama itafaa."

Mama Veronika hakuinua kichwa. "Mimi bado ninaishi," alisema. "Mngojee kwanza nife, ndipo mnigawane."

Wilson alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Mama, sikuwa na maana hiyo. Mungu akuweke."

"Aniweke mpaka mmalize mtihani, au na baada yake?"

Aikande alisimama, akamsindikiza Wilson mpaka kwenye njia, kwa kuwa mgeni hasindikizwi na mbwa. Chini ya migomba Wilson aligeuka. "Umekasirika, mwalimu."

"Baba yako yupo?"

"Yupo. Atakuwa kilabuni saa hizi."

"Nenda ukae naye. Muulize kwa nini anaidai serikali. Muulize inamdai nini yeye. Andika anachosema."

"Amelewa."

"Hata akiwa amelewa. Akifa utatafuta wa kukopa, na mimi sikopeshi tena."

"Kwa Kiingereza je? Ukuta utaanguka."

"Uanguke," Aikande alisema. "Wa kwangu ulianguka, na nyie mlikuwa ndani."

Wilson aliteremka njia ya kihamba. Kwenye njia panda, njia ya kwenda kilabuni ilikuwa kushoto, na ya kwenda barabara kuu, kwa mwalimu Valerian wa mjini ambaye sasa aliuza insha zilizokwisha kupigwa chapa, ilikuwa kulia. Aikande alimwangalia mpaka alipofika hapo. Alikwenda kulia.

Alirudi kwenye benchi. Mkate ulikuwa pale ulipoachwa, haujafunguliwa. Mama yake alisogeza ungo wa maharage kumpa nafasi ya kukaa, akauliza bila kumtazama, "Alinawa mikono, siyo? Siku ile?"

"Alinawa."

"Nilikuwa nyuma ya nyumba. Nilisikia maji." Akaendelea kuchambua. "Hukuwaambia?"

"Hilo sikuwapa."

Mama aliokota jiwe dogo kutoka kwenye maharage, akalitupa kwenye nyasi, akaomba aletewe kisu cha mkate.